Siku Bibi na Mama Waliponyolewa

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale Mchombe, macho mekundu yalisomwa kwa namna nyingi. Mwanaume akiamka nayo, jana alikuwa kilabuni. Msichana akiwa nayo, kaachwa. Sisi watoto tukiwa nayo, yamejaa tongotongo, ni ugonjwa, tunarudishwa nyumbani kutoka shule. Kwa mwanamke mzee maana ilikuwa moja tu, na watu waliisema kwa kunong'ona.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa nayo. Msimu wa samaki alishinda ameinamia chanja, akikausha kambale kwa moshi wa kuni mbichi. Ungedhani moshi ule ungetosha kuwa jibu. Lakini mama alikuwa amezika watoto wawili wachanga mfululizo, na uchungu wa namna hiyo hutafuta mtu wa kuubeba. Bibi ndiye aliyekuwa karibu.

Mdogo wangu alipozaliwa, mama alijifungia naye chumbani. Bibi alikuja mlangoni kila siku.

"Mama Anna, niletee mjukuu wangu nimwone."

"Amelala, mama."

Mtoto analia, sote tunamsikia, na mama anajibu amelala.

Anna ndiye mimi, na shaka iliniingia vilevile. Nilimvizia bibi akigeuza samaki, nikasubiri macho yake yafanye jambo. Akinipa kipande cha kambale, nilimwonjesha paka kwanza. Paka alinenepa tu, na bado sikuamini.

Siku moja bibi alimwita baba uani, akasema bila kupunguza sauti: "Nipelekeni nikanyolewe."

Ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, kulikuwa na mganga aliyewanyoa nywele watu waliotuhumiwa uchawi na kuwanywesha dawa. Ukishanyolewa, hakuna aliyeruhusiwa kukunyooshea kidole tena. Baba, mwimbaji wa kwaya kanisani, alikuna kichwa.

"Padri akisikia, mama?"

"Padri ndiye atakayenipa mjukuu nimbebe?"

Walikwenda Jumatatu, maana Jumapili baba alikuwa na misa. Walipanda lori la mpunga hadi Ifakara, wakavuka kwa pantoni, mtoto akiwa mgongoni kwa mama. Yaliyotokea kule nilisimuliwa na baba miaka mingi baadaye. Mganga aliuliza nani anamshuku nani. Akasema kwake hanyolewi mtu mmoja. Anayeshukiwa na anayeshuku hukaa mkeka mmoja, kwani nani ajuaye, huenda mbaya ni huyo anayelalamika. Mama aliangua kilio. Hakuwahi kufikiri kwamba yeye naye anaweza kutazamwa hivyo.

Waliporudi, nilikimbilia barabarani nikasimama nimeduwaa. Walishuka wanawake wawili vichwa vitupu, na kwa mara ya kwanza niliona wanafanana, kana kwamba mmoja amemzaa mwenzake. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete kigoda."

Alikaa, akakunjua kanga mapajani. Mama alimweka mtoto pale. Bibi akamnusa utosini, akaanza kumwimbia kwa Kindamba, taratibu. Mama hakukaa. Alisimama karibu, mikono imenyooka kidogo mbele, mpaka mtoto aliporudishwa kwake. Hata siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo. Simlaumu, mimi sijawahi kuzika mtoto.

Mdogo wangu aliishi, akakua, sasa ana familia yake na anapenda sana kambale. Nilidhani uhai wake ungemsafisha bibi. Wapi! Kisimani wanawake walisema, "Mmeona? Kanyolewa, na mtoto kapona." Kila mwaka mdogo wangu alioongeza ulikuwa ushahidi mpya juu ya bibi, na hata msibani kwake nilisikia mtu akilisema hilo kama sifa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtoto angekufa, bibi angekuwa mchawi. Mtoto alipoishi, bibi alikuwa mchawi aliyenyolewa. Naamini alilijua hilo kabla hajapanda lori. Alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu alitaka kumbeba mjukuu wake.