Koti la Mwalimu wa Pesa

Mume wangu alianza kumwonea wivu Mwalimu wa Pesa kabla hajamtia machoni. Nasema wivu kwa sababu sijui jina jingine la mtu anayesukuma sahani ya chakula mbali, eti ameshiba, kwa kuwa mwanawe ametamka tena "mwalimu wetu" mezani.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi nisipokuwa na hasira naye namwita hivyo hivyo. Kazi yake anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na pazia la maua linalotenga kazi na maisha yetu. Nyuma ya pazia ndiko tunakopika, tunakolala, na tunakogombana kwa sauti ya chini wateja wasisikie.

Tuna mtoto mmoja, binti. Tunamwita Kifungo, maana alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na aliyekaa kukisubiri kitoke ni mimi, si baba yake. Hata hivyo mapenzi yote yalikwenda kwa baba. Akitoka shule anavuta kigoda hadi kwenye cherehani, anashona vifungo na kuuliza maswali. Kwa nini bitana hukatwa kubwa kuliko koti lenyewe? Kwa nini watu wanene hupenda mistari? Fundi alikuwa na jibu la kila kitu, na asipokuwa nalo alilitunga. Mimi nilikuwa nasikia vicheko vyao nikiwa jikoni. Mimi mtoto aliniuliza chumvi iko wapi, basi.

Mwaka huu ikaja amri kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya umma asome elimu ya fedha, apende asipende, na asipofaulu hahitimu. Shule ya Kifungo ikaletewa mwalimu mpya wa somo hilo, kijana. Wanafunzi wakampa jina la Mwalimu wa Pesa siku ile ile.

Kuanzia hapo kigoda kikabaki karibu na cherehani, lakini maswali yakahama. Sasa Kifungo alikuja na majibu. Mwalimu amesema mtu atenge akiba kabla hajaanza kutumia. Mwalimu amesema riba ya mkopo ni lazima uiulize kabla ya kuweka sahihi. Mwalimu amesema kazi isiyo na bei inayojulikana ni msaada. Hilo la mwisho lilimchoma Fundi hasa, kwa sababu yeye tangu nimjue hajawahi kumtajia mteja bei. Akiulizwa, husema, "Nipe chochote, sisi ni watu wamoja." Na watu kweli humpa chochote.

"Huyo mwalimu wenu ameoa?" akauliza siku moja, sindano ikiwa mdomoni.

"Sijui, baba."

"Hajaoa. Mtu aliyeoa hawezi kusema akiba ije kwanza."

Nilicheka, naye akaninunia mpaka tukalala.

Kisha Kifungo akaleta zoezi la nyumbani. Kila mtoto akae na mzazi, waongee kuhusu kinachoingia na kinachotoka. Akavuta kigoda chake, akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Cherehani ikasimama. Katika nyumba yetu hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa, hata na mimi mke wake. Nami simlaumu, kwa kuwa nina vijisenti vyangu nimevifunga kwenye leso chini ya godoro, na yeye hajui. Ndivyo tulivyolelewa. Pesa ilikuwa jambo la kufichana, mume na mke, wazazi na watoto.

"Umekula?" Fundi akamuuliza.

"Nimekula."

"Una viatu?"

"Ninavyo."

"Basi mwambie mwalimu wako hicho ndicho kiasi."

Kifungo hakubisha. Alinyanyua kigoda, akaenda kufanyia zoezi lake uani. Fundi aliitazama nafasi ile iliyokuwa wazi kando ya mguu wake, na nikaona jinsi wivu unavyoweza kumzeesha mtu mchana kweupe. Alikuwa anampoteza mwanawe kwa mtu aliyekuwa hajui hata kushika uzi.

Lazima niseme na habari ya Mzee wa Majora, kwa sababu bila yeye hili halieleweki. Huyu ndiye anayemuuzia Fundi vitambaa, na humkopesha. Anapokuja kudai, hubisha hodi kwa fimbo yake, gogo gogo. Hapo Fundi huruka nyuma ya pazia, na Kifungo, tangu alipoanza kujua kusema, ndiye hutumwa mlangoni aseme, "Baba ametoka." Mara ya kwanza gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka. Mzee akalitazama, akasema, "Akirudi mwambie siku nyingine aondoke na miguu yake." Tulicheka mwaka mzima. Kifungo alikuwa hodari wa kazi hiyo, hata jicho halimchezi.

Basi, Jumamosi moja Mwalimu wa Pesa mwenyewe akaingia dukani kwetu. Alitaka koti la kuvaa siku wakaguzi watakapokuja kuliangalia somo lake. Kijana mwembamba, viatu vimepigwa kiwi juu lakini soli zimelalia upande. Kifungo akainuka haraka mpaka vifungo vikamwagika.

Fundi alimpima kwa raha ya ajabu. Kila kipimo alikitaja kwa sauti ili mtoto asikie. "Bega, jembamba. Kifua, hakuna. Hapa itabidi tuweke sponji, mwalimu, koti lipate pa kukaa."

Mwalimu akacheka. "Weka, fundi, hata mke atapatikana." Kisha akauliza, "Bei yako ni kiasi gani?"

"Nipe chochote."

"Chochote siwezi kukipangia bajeti."

Kifungo akatabasamu kwa kulitambua neno la darasani, na tabasamu lile likamwingia Fundi kwenye mbavu. Akataja bei. Ilikuwa bei ya makoti mawili, na suruali juu yake. Ilikuwa bei ya kwanza kuitamka maishani, na aliitamka kwa roho mbaya. Halafu akamtuma Kifungo dukani akanunue uzi mweusi, nasi tulikuwa na uzi mweusi wa kushonea mtaa mzima.

Mtoto alipotoka, Mwalimu akashusha sauti. "Fundi, zote sina. Nikupe nusu leo, nyingine mwisho wa mwezi? Mshahara wangu unakatwa mkopo."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamwona Fundi anavyong'aa. Alikubali upesi, akamshika mkono, akamsindikiza mpaka barabarani kama bwana harusi.

Hakungoja hata mtoto avue viatu. "Kifungo, njoo ukae hapa. Unajua mwalimu wako wa pesa amenikopa? Hana pesa. Mshahara wake wote ni madeni. Ndiye anayewafundisha."

Alikaa akisubiri. Nilijua anasubiri nini: uso wa mtoto uanguke, kigoda kirudi mahali pake.

"Najua, baba," Kifungo akasema.

"Unajua nini?"

"Alituambia siku ya kwanza. Alichukua mkopo akiwa chuoni bila kuuliza riba, na mpaka leo anaulipa. Alituandikia ubaoni anapata kiasi gani na anakatwa kiasi gani. Watoto walicheka, naye akawaacha wacheke." Aliweka uzi mezani. "Ndiyo maana tunamwamini."

Kifungo hakuwa amesema kwa ukali, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi.

"Na ulimwambia nini kuhusu zoezi?" akauliza.

"Nilimwambia baba ametoka."

Ilipita wiki. Koti lilikuwa limeshapigwa pasi, zuri kuliko yote aliyowahi kushona, maana mikono yake haijui kuwa na kijicho hata kama moyo unajua. Kifungo alikuwa anashona kifungo cha mwisho. Ndipo fimbo ikagonga mlango, gogo gogo.

Fundi alikuwa nyuma ya pazia kabla sijageuka, mwili wake umezoea. Kifungo akaweka sindano, akaenda mlangoni, akashika komeo. Hakulifungua. Aligeuka akalitazama pazia.

"Baba, nimwambie nini?"

Hakuwahi kuuliza kabla. Nilimwona Fundi ameshika ncha ya pazia, vidole vinatoa jasho kwenye yale maua. Fimbo ikagonga tena.

"Sogea," akasema. "Nifungue mwenyewe."

Mzee wa Majora alipomwona ana kwa ana mlangoni, alisahau hata kusalimia. Fundi akamkaribisha, akamvutia kile kigoda. "Mzee, sina zote. Nina nusu, ya hili koti. Nyingine mwisho wa mwezi, akinilipa mwenye nalo. Kifungo, kaa hapa usikie, halafu ukaandike zoezi lako."

Kifungo akakaa sakafuni karibu na mguu wa baba yake, akamwinulia macho, macho yale yale aliyomtazamia mwalimu siku ile ya kupimwa koti. Nami nimesimama na mwiko mkononi, nikamwonea wivu mume wangu. Nikaingia chumbani, nikainua godoro, nikaitoa leso yangu. Kisha nikakaa nayo kitandani, nikisikiliza sauti zao, nikitafuta namna ya kumwita mtoto aje aniulize na mimi nina kiasi gani.