Cheti cha Kutomwinua Mtu

Kwetu Bukavu, Kongo, nilifundisha darasa la pili kwa miaka tisa. Nilipohamia Durban, Afrika Kusini, diploma yangu ya ualimu ilipita madirisha manne ya ofisi, na kila dirisha lilinirudishia kwa adabu kubwa na kunielekeza dirisha jingine. Nikaishia kusuka nywele saluni. Kazi ile sikuidharau, ilinilisha. Lakini kila asubuhi watoto wa shule walipopita na mabegi yao mgongoni, moyo uliniuma. Nilitaka jambo moja tu: kuitwa mwalimu tena.

Nchi iliyoninyima darasa ikanielekeza mlimani kwa jirani yake. Mteja wangu mmoja wa mtaa wa Westville alinitafutia kazi ya msimu kwenye hoteli ya milimani, upande wa Lesotho, mahali ambapo wakati wa baridi watu wenye akili zao husafiri saa nyingi kwa gari ili wakaanguke kwenye theluji. Mimi nilikuwa wa kufua mashuka. Saa za mapumziko nilijifunza skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, kwa mbao za kuazima. Msimu wa pili, mkuu wa walimu wa skii wa pale alinikuta nimewapanga watoto kumi na wawili wa wageni foleni bila kupaza sauti. Akaniuliza kwa nini nisisomee ualimu wa skii.

Nilicheka, kisha nikauliza masharti. Uwe umetimiza miaka kumi na minane: mimi nina arobaini na moja, nikaona hapo nimefaulu mara mbili na chenji inabaki. Cheti cha huduma ya kwanza. Barua ya polisi kwamba sina kosa, kwa kuwa ningeshika watoto wa watu. Kozi ya siku kadhaa mlimani, halafu mtihani: uteleze mbele ya mtahini, kisha umfundishe yeye mwenyewe. Na cheti chenyewe cha ualimu ni cha mbao mbili tu. Anayetaka kufundisha wale wa ubao mmoja ana mtihani wake mwingine. Diploma yangu hawakuiulizia kabisa. Hapo ndipo mahali pekee ambapo haikukataliwa.

Kabla ya msimu kuanza nilifanya mazoezi nyumbani, mtaa wa Glenwood, nikipanda na kushuka ngazi za jengo letu nimevaa viatu vya skii, vizito kama mawe ya kusagia. Jirani wa chini, bibi mmoja aliyetoka Bukavu kama mimi, alifungua mlango kuangalia ni nani anayebomoa nyumba.

“Mama, hapa Durban theluji iko wapi?”

“Haiko, koko,” nikamjibu, kama tunavyowaita bibi zetu kwetu.

“Eish! Na unavaa vyote hivyo?” Akanitazama miguu muda mrefu. “Sharp, ni sawa. Ukipata hiyo karatasi, nitakuita mwalimu mbele ya jengo muzima.”

Siku ya mtihani mlimani, mtahini wetu alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe tupu. Alijifanya mwanafunzi asiyejua lolote. Kanuni nilikuwa nimeikariri: mwanafunzi akianguka, usimwinue. Simama upande wa chini, umweleze aweke mbao zake zikate mteremko, ajisukume kwa mkono, ainuke. Asipojua kuinuka mwenyewe hajajifunza kitu, na ukimvuta mtaanguka wote wawili.

Mzee akaanguka. Nilijua ni makusudi. Lakini mimi nimelelewa kwetu, ambako mtu mzima akianguka barabarani, hata wasiomjua hutupa walichobeba wamwinue. Kumsimamia mzee aliyelala chini na kumpa maelekezo, kwetu huo ni utovu wa adabu usio na jina. Kabla sijafikiri fimbo zangu za kutelezea zilikuwa chini, nasema, “Pole baba, pole sana,” nimemshika mkono navuta. Tukateremka wote kwa makalio, mtahini na mtahiniwa, hadi kwenye wavu wa usalama.

Alijikung'uta theluji, akaandika. Akanieleza kwa upole kwamba kuteleza nimefaulu, kufundisha nimefaulu vizuri, ila kumwacha mtu chini nimeshindwa. Nirudie mwezi ujao.

Nilirudi Durban nina hasira na nafsi yangu. Mume wangu akajitolea kuanguka sebuleni, jioni baada ya jioni, na kazi yangu ikawa kumtazama. Kila nikinyoosha mkono alisema kutoka kwenye zulia, “Umefeli, mama.” Mwishowe nikapata dawa: mikono nyuma, nahesabu hadi tano.

Mara ya pili mzee alianguka vibaya zaidi, hata akaugulia kidogo, mwigizaji yule. Mikono nyuma. Nikahesabu. Nikamweleza mbao, nikamweleza mkono, naye akainuka. “Hongera, mwalimu,” akasema. Nililia palepale, nikiwa nimevaa miwani ya theluji.

Cheti kipo ukutani. Bibi alitimiza ahadi yake, na jengo zima likaanza kuniita mama mwalimu. Nilikuwa nashuka ngazi polepole ili nikutane na watu wengi zaidi.

Jumamosi moja ya mvua nilimkuta bibi anapanda na mfuko wa viazi. Ngazi zilikuwa zimelowa. Akateleza, akakaa kwa kishindo, viazi vikaviringika hadi mlangoni. Mimi nilisimama. Moja, mbili, tatu, nne. Aliushika ukuta, akainuka mwenyewe, akanyoosha kitenge chake. Ndipo nikagundua mikono yangu iko nyuma.

“Mama mwalimu,” akasema taratibu, “mimi naanguka, na wewe unaniangalia tu?”

Nikainama kuokota viazi.