Walisikia Mvua, Hawakusubiri Kusikia Moto

Hana cheti cha elimu ya hali ya hewa. Hana ofisi, hana sare, hana mshahara wa kazi hii, wala hata mwavuli hana. Kipimamvua chake kimezungushiwa waya wa kuku, kwa sababu bila waya huo watoto hukitia maji ya mfereji ili wamwone akiruka kwa furaha.

Saa tatu kamili asubuhi, Sarah Nyevu anafuta mikono kwenye leso, anatoka jikoni mwa shule moja ya msingi huko Utange, nyuma ya Kiembeni, na kukiinamia chombo hicho. Anachungulia. Kikavu.

"Sufuri," anasema, kisha anaituma sufuri hiyo kwa simu kwenye ofisi ya utabiri wa hali ya hewa. "Na sufuri nayo ni habari. Watu hawalijui hilo."

Sarah, mwenye umri wa miaka 46, ni mpishi wa shule. Hulipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi kwa kuwapikia watoto pure ya mahindi na maharagwe. Kupima mvua ni kazi ya kujitolea, mwaka wa sita sasa. Kila baada ya siku kumi hupokea utabiri kwenye simu yake, akaunakili kwenye karatasi na kuusoma kanisani Jumapili, wakati wa matangazo.

Karatasi hiyo ilimpa heshima. Waliokuwa wakimwita mpishi walianza kumwita Mama Mvua. Mzee Kai, mgema wa jirani, hakuacha kumtania akiwa juu ya mnazi.

"Wee Mama Mvua! Wanyesha leo ama nishuke kwa raha zangu?"

"Shuka mzee, hata tembo lako limeshakauka!"

Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, Sarah alisimama mbele ya waumini akiwa na karatasi ya mistari mitano. Mstari wa kwanza ulisema mvua za masika zitaanza Alhamisi au Ijumaa. Kwa miezi mitatu, hakuna aliyeona tone.

Vigelegele vilipaa kabla hajavuta pumzi. Wanawake walisimama, wanaume wakatafuta kofia zao. Kwa wakulima wa sehemu hii, shamba husafishwa kwa moto kabla ya tone la kwanza, ili mvua iyashindilie majivu ardhini. Ukichelewa, magugu yamelowa, hayashiki moto. Hivyo aliyesikia mvua alikwenda kutafuta kiberiti.

"Mstari wa nne ndio uliosema msichome chochote, nyasi zimekauka kupita kiasi na upepo ni mkali," anasema Sarah. "Mungu ni shahidi, niliusoma. Lakini nilikuwa nasomea viti."

Mumewe, Phineas, alikuwa ameketi safu ya mbele. Hata yeye alikuwa ameshatoka.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo, Sarah aliona moshi, akadhani ni taka. Kisha Phineas akatokea mbio, kandambili mguu mmoja, nyusi zimeungua.

"Mama Dishon, moto umenitoka."

"Umekutoka vipi? Uko wapi?"

"Kwa Kai."

Sarah anakumbuka alivyomkodolea macho mumewe, bakuli mkononi, kana kwamba maneno yale yalitoka kwa mtu asiyemjua. Bado hajui bakuli lile alilitua wapi.

Upepo uliurusha moto wa shamba lao juu ya njia ya miguu, ukatua kwenye paa la makuti la Mzee Kai. Nyumba tatu ziliteketea. Minazi 42 iliungua. Watu 14 wanalala darasani hadi leo. Mzee Kai aliingia ndani kumtoa mbuzi, akaungua viganja vyote viwili. Hajui kama atashika tena mundu wa kugemea.

"Nilipomwona hospitalini, mikono imefungwa vitambaa vyeupe, sijampa hata shikamoo," anasema Sarah. "Akaanza yeye. 'Nyevu, mvua yako iko wapi?' Hakuwa akinitania."

Mvua ilinyesha Alhamisi, kama ilivyotabiriwa. Ilikuwa milimita nne, haikutosha hata kuzima visiki. Jua likarudi na nyasi zikakauka upya. Majirani wanapopita karibu na jiko la shule hutamka "mchuma janga hula na wa kwao", nao hupaza sauti makusudi. Wengine sasa humwita Mama Moto.

Linalomnyima usingizi si jina hilo. Zaidi ya nusu ya mashamba bado hayajachomwa, na utabiri mpya utafika Jumamosi. Mvua itatangazwa tena.

Kwenye semina ya wapima mvua wa kujitolea walifundishwa kusoma utabiri ulivyo: usiongeze, usipunguze, usipindue mistari. Na wasomaji kama yeye wamo kila mahali, kuanzia Likoni mpaka huku. Alijaribu kuiarifu ofisi ya utabiri kwa simu, lakini namba anayoitumia vipimo hupokea milimita tu.

"Niliandika 'moto'. Ikanijibu: andika tarakimu."

Basi ameandika barua. Ni kurasa mbili, kwa mkono wake, juu ya meza ya kukatia mboga. Anaisoma kwa sauti: "Naomba moto utangulie, mvua itajwe mwisho. Watu wangu hawawezi kuondoka kabla hawajasikia mvua."

Ameandika pia aliyewasha moto ni nani. Anajua huenda akanyang'anywa kipimamvua kwa ajili hiyo.

Phineas, ambaye ni mwashi, ameketi kizingitini. Nyusi bado hazijaota.

"Jina langu lazima liwemo?"

"Limo."

"Si ungeandika 'jirani mmoja'?"

"Jirani mmoja ni Kai, Baba Dishon."

Phineas anaomba kalamu. Chini ya sahihi ya mkewe anaandika jina lake lote, na baada yake: *nilikuwa safu ya mbele, nikatoka.* Anazikunja kurasa, anazitia ndani ya bahasha, analamba gundi na kuigandamiza kwa kidole gumba.

Nje, pikipiki inanguruma. Abdulghani, mwenye bodaboda, ana abiria wa kumchukua Port Reitz, karibu na ofisi ya utabiri.

"Shikamoo, mama. Hii ni barua ama posa? Mbona mwaisindikiza wawili?"

"Marahaba. Mpe mtu mkononi, usiiache dirishani. Wawe wameisoma kabla ya Jumamosi."

"Inshallah."

"Inshallah na mbio, Abdulghani!"

Kijana hacheki tena. Anaipenyeza bahasha ndani ya shati, anafunga vifungo mpaka kooni na kutia gia.