Mwenyekiti na Somo la Mwaka 1933

Ti, ti, ti. Ni kijiko kikigonga chupa ya soda, na Jerioth bado anakisikia, kwa kuwa Mwenyekiti wa chama cha Wakenya waishio ughaibuni, mjini Irving, hakuwahi kufungua mkutano bila kijiko hicho. Siku za kazi alifundisha historia chuoni. Jumamosi ukumbi wa kanisa ukawa darasa lake. Vidole vyake virefu vilinyoosha safu za viti vilivyokwisha kunyooka, na kila alipotaja udikteta alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya watoto.

Siku ya uchaguzi, mwaka 2003, alisema, "Ndugu zangu, mwaka 1933 udikteta haukuwavunjia Wajerumani mlango. Wabunge wao wenyewe walipiga kura, wakampa mtu mmoja mamlaka yote. Kisa? Dharura!"

"Aibu!" watu wakaguna.

Akafuta miwani polepole. "Sasa sherehe yetu ya nyama choma ya Julai imekaribia, na mbuzi hawajapatikana. Hiyo si dharura? Naomba uchaguzi tuuahirishe. Miaka mitatu tu."

"Kabisa, Mwalimu!" Makofi yakalipuka.

Jerioth, muuguzi aliyeshona gauni jipya ili agombee kiti cha mwenyekiti, akainua mkono peke yake. "Mimi napinga. Si umetufundisha sasa hivi?"

Mwenyekiti akamtazama kwa upendo wa kweli, kama amtazamavyo mwanafunzi wake bora. "Swali zuri sana, dada." Kisha akamwinamia katibu, akanong'ona, "Andika: wote wamekubali."