Mstari wa Pili

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya dawa yalichipuka Dodoma mjini kama uyoga, na ndani yake ulipata hata kipimo cha mimba cha kujipimia nyumbani. Wenzangu walikinunua kwa kutafuta mtoto, au kwa kumwogopa mtoto. Mimi nilikinunua kwa kuogopa kansa.

Nilikuwa nimesafishwa mimba zabibu hospitalini. Jina hilo nililichukia. Nimezaliwa Makutupora, zabibu ndizo zilizonisomesha, sikutaka zitajwe tumboni mwangu. Daktari alinieleza taratibu kwamba mimba ya namna hiyo haina mtoto, na masalia yake yanaweza kugeuka kansa kimyakimya. Nisishike mimba kwanza, na kila mwezi nipime mkojo. Mstari mmoja ni salama. Wa pili ukitokea, nije mbio. Akasema ule wekundu wa mstari ni chembe za dhahabu, ndogo mno, zinazonasa kile ambacho ugonjwa hukimwaga kwenye mkojo kabla mwili haujahisi lolote.

"Dhahabu gani nyekundu?" nikamuuliza. Akacheka. Mimi ni mbishi hata nikiumwa.

Kwetu Ihumwa tuliishi na mama mkwe, Mgogo wa jembe na kanisa. Tulimwambia mimba imetoka, basi. Kansa hatukuitaja, mume wangu alisema mama yake ataumia bure.

Miezi ikapita na mstari mmoja, mmoja tu. Halafu asubuhi moja wa pili ukaja, umefifia lakini upo. Nilikiacha kipimo dirishani, nikamfuata mume wangu kazini. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe amekishika, anapiga vigelegele, na uani wamejaa majirani. Binti mmoja wa jirani alishamfundisha maana ya mistari miwili.

"Mkwe wangu, mbona ulinificha?"

Nikamvuta ndani. "Mama, si mtoto. Daktari alisema ikija hivi, ni kansa inaanza."

Nilidhani atanilaumu kwa kumwaibisha mbele za watu. Akatoka, akasimama mbele ya wale wanawake, akasema, "Nimekosea. Hakuna mimba, mwanangu anaumwa. Nakwenda naye Dar." Hakumuuliza mwanawe, wala mimi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Dar walisema tumewahi. Dawa zilinichubua kinywa, nikawa siwezi kumeza, na mama mkwe alikaa kando ya kitanda akinipozea uji na kunigombeza nikiukataa. Alinishinda kwa ubishi, nakiri.

Tuliporudi Ihumwa, kipimo cha kwanza alitaka kukisoma mwenyewe. Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama muda mrefu. Mwanamke huyu alikuwa akiomba mjukuu kila Jumapili tangu nilipoolewa.

"Hamna kitu, mwanangu," akasema, machozi yakimtoka. "Tumshukuru Mungu. Hamna kitu."