Ndevu za Hina Katika Wadi ya Macho

Mimi sikusoma, lakini mume wangu namjua. Kwa hiyo siku aliporuhusiwa kutoka hospitali hapa Garissa, baada ya kupasuliwa jicho, nilimkemea binti yetu Sahra aliponiambia, "Hooyo, tumuulize muuguzi kitanda chake."

"Nimezaa na huyu mzee, leo nionyeshwe na muuguzi? Nenda ukaulize wewe!"

Nikaingia wadini kifua mbele. Nikamwona dirishani, bendeji imemfunika uso, ndevu nyekundu kwa hina. Hina hiyo nilimpaka mwenyewe, asitoke hospitali kama mtu asiye na mke. Nikamkalisha, nikamnywesha maziwa ya ngamia.

"Allah akubariki, mama," akasema. "Maziwa matamu sana."

Wallahi, tangu anioe hajawahi kusifu chochote changu! Nikawageukia wagonjwa wote. "Mmesikia? Wametibu jicho, na ulimi pia umepona!"

Nikamvisha shati jipya, nikamfunga kikoi juu ya gauni la hospitali, nikampaka manukato. Ametulia kama bwana harusi.

Ghafla wadi nzima ikaangua kicheko. Nikageuka. Mlangoni, Sahra alikuwa amemshika mkono mzee mwingine mwenye ndevu za hina, wanatoka msalani. Gauni la hospitali liko wazi mgongoni, analishikilia. Jicho moja limezibwa, la pili linanikodolea.

"Mama Sahra," mume wangu akasema, "ukimaliza kumvisha huyo, mimi nitaenda nyumbani nimevaa nini?"