Diski Iliyobaki Ndani ya Deki

Hesbon Wekoye wa Kanduyi ni mwoga, na hilo si siri. Mke wake Sellah analijua, majirani wanalijua, na mbwa wa mtaa ule ndio wanaolijua zaidi. Radi ikianza kupiga Bungoma, na radi ya huku haina mchezo, yeye huzima mashine yake ya kusaga unga hata kama akina mama wamepanga foleni na madebe yao, akajifungia stoo mpaka mvua ipite. Pikipiki hapandi. Sindano akiiona tu, miguu inamlegea. Sasa mniambie, mtu wa namna hiyo alipata wapi moyo wa kujaza nyumba sinema za kutisha?

Ukimuuliza atakujibu bila haya. Atakwambia hofu iliyo kwenye diski ina kitufe cha kuzima, hii ya duniani haina.

Wala hazikuwa za kutisha peke yake. Alichokuwa akikusanya ni kile ambacho watu wengine walikikataa. Sinema za ngumi zinazojulikana na kila kijana wa stendi, hizo hakuzigusa. Yeye alitaka mchezo wa runinga uliokatika katikati kwa sababu sehemu ya pili haikufika Kenya. Alitaka filamu ya polisi wa nchi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja, kipindi kizima kuhusu kuvu inayoota kwenye miti, vichekesho ambavyo hakuna mtu anacheka ndani yake. Alizipata Kitale, kwa mama mmoja anayeitwa Mwihaki, muuza vitabu vya mitumba karibu na soko. Ndani ya marobota ya vitabu, diski nazo huja, masalio ya nyumba za watu wa ng'ambo waliokufa au waliohama. Mwihaki alikuwa na katoni yake chini ya meza, aliyoiita ya Wekoye, maana alijua fika hakuna mwehu mwingine atakayezitaka.

Akifika nazo nyumbani alikuwa na taratibu zake. Diski ilioshwa kwa maji ya sabuni, ikapanguswa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, na iliyokwaruzika ilipakwa dawa ya meno na kusuguliwa polepole mpaka ikubali kusomeka. Kisha ilipangwa kwenye rafu ya mbao iliyochukua ukuta mzima wa sebule. Sellah alilalamika mwanzoni, ati amekosa pa kuweka vyombo vyake, halafu akachoka kulalamika. Afadhali mume anayelewa sinema, aliwaambia wenzake, kuliko ile pombe nyingine.

Mtazamaji mwenzake Hesbon alikuwa binti yao wa mwisho, Nabwile. Ujana wake Hesbon alikuwa ameumaliza kwenye vibanda vya video vya Kitale, ambako kulikuwa na jamaa mwenye kipaza sauti anayetafsiri sinema palepale ikiendelea, na asipoelewa anatunga. Basi naye akawa hivyo hivyo kwa mwanawe. Sinema ikiwa ya lugha ya ajabu, Hesbon anaipa maneno. Anamgombanisha mfalme na mke wake kuhusu bei ya mahindi. Anamfanya jambazi atokee Kiminini, mji wa jirani tu.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya wanasesere wa kitambaa, kondoo na mbuzi wa sufi wanaoishi kwenye mlima wenye theluji. Ndani yake kuna mwanakondoo anayeteleza, anaanguka, analala pale chini. Wanyama wote wanatawanyika, isipokuwa punda mmoja mzee. Hapo Hesbon alikuwa na maneno yaleyale kila mara: wamekimbia kumwita daktari. Nabwile alikuwa akiyasema pamoja naye.

Halafu ikaja ile Jumapili mchana. Walikuwa wamefunga mapazia ili sebule ifanane na kibanda cha video. Kwenye runinga kulikuwa na nyumba ya kale na umeme wa radi ukiwakawaka mfululizo, na Nabwile alikuwa amekaa karibu kabisa, kama ilivyo kawaida yake. Mara akageuza shingo upande, akatoa mlio ambao Hesbon hakuwahi kuusikia kwa mtoto wala kwa mnyama, akaanguka chini akitetemeka mwili mzima. Povu likamtoka mdomoni. Mkono wa Hesbon, jamani, ulikimbilia rimoti. Alibonyeza kitufe cha kuzima. Runinga ikazimika, na Nabwile akaendelea kutetemeka.

Alianguka tena baada ya muda, safari hii jikoni. Akaanguka shuleni, na ya shule haifichiki.

Aliyekuja kwanza kuwaona alikuwa Mama Everlyne, mwenyekiti wa akina mama wa maombi kanisani kwao. Tusimsingizie mtu, yule mama ana roho nzuri. Ndiye aliyeleta uji, ndiye aliyefua nguo za mtoto Sellah aliposhindwa hata kusimama. Lakini alipokuwa akikusanya vikombe macho yake yakaenda kwenye rafu. Akaona karatasi ya jalada yenye mtu mwenye pembe. Akaona nyingine yenye mwanamke asiye na uso, na maandishi yasiyosomeka. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote:

"Baba Nabwile, hivi vitu viliingia lini kwa nyumba?"

Hesbon akajishughulisha na vikombe. Si kwamba swali lilimshangaza. Alikuwa amejiuliza hilohilo kila alfajiri tangu ile Jumapili, amelala macho wazi, akihesabu ni nini alichokileta mwenyewe kwa mikono yake na kukiosha kwa sabuni.

Akaenda Kitale kumwambia Mwihaki asimwekee tena chochote. Mwihaki alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta vumbi la kitabu kwa kiganja, akasema, "Hiyo ni kifafa, Wekoye. Ndugu yangu wa Saboti ako nayo tangu utotoni. Anameza dawa kila siku, analima, ameoa. Si umlete mtoto kwa kliniki hapa?"

Hesbon akamshukuru, akarudi nyumbani, na lile neno hakumwambia mtu. Hata Sellah. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na bado ninamwelewa. Pepo anatolewa kwa maombi ya mchana mmoja na watu wanakwenda kunywa chai. Kifafa alikuwa amekiona. Kijijini kwao kulikuwa na msichana aliyekuwa akianguka, naye alipewa sahani yake na kikombe chake, akala peke yake mpaka akafa, kwa sababu watu walisema povu lile likikugusa nawe unaanguka. Hesbon alimwogopea mwanawe kile kikombe kuliko alivyoogopa mapepo yote. Akachagua mapepo. Akaenda mwenyewe kwa Mama Everlyne, akamwambia waje wachukue zile diski.

Walikuja Jumamosi asubuhi, na stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Wakajaza diski kwenye magunia ya unga aliyotoa yeye mwenyewe kule kwenye mashine. Rafu ikabaki na alama za vumbi. Kila mmoja aliyepita pale deki ilipo aliiona, kisanduku cheusi kisichokuwa na dhambi, na hakuna aliyewaza kwamba deki bila stima haitoi ulimi wake, kile kisahani kinachobeba diski. Ndani yake kulikuwa na wale kondoo wa sufi. Hesbon alijua. Akaendelea kuwashikia magunia wazi.

Moto uliwashwa nyuma ya kanisa, wa magunzi ya mahindi na mafuta ya taa. Diski haziungui kama karatasi. Zinajikunja, zinatoa moshi mweusi wa kukaba koo, na zinalia kidogo. Watu waliimba. Nabwile alisimamishwa karibu na moto ili aombewe, amevaa sweta ya shule, akimtafuta baba yake kwa macho ndani ya ule moshi. Hesbon alisimama ndani ya duara, midomo ikicheza. Hakuwa akiombea mtoto apone, alikuwa akiomba ile moja aliyoificha isihesabiwe.

Shingo ya mtoto ikageuka upande.

Akaanguka kuelekea motoni, mkono wa kulia ukaingia kwenye makaa. Na watu wote wakarudi nyuma, duara likapanuka kwa mara moja, wakubwa kwa wadogo. Mama Everlyne alipaza sauti, nayo sauti ilijaa hofu ya kweli, "Msimguse, yanatoka!" Akina mama walikuwa wamemkamata Sellah kiunoni, naye alikuwa akipigana nao kimya kimya.

Hesbon naye alirudi nyuma hatua moja. Lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe hajalisahau na sidhani atalisahau. Aliona lile povu, akakumbuka ile diski, akarudi nyuma. Kisha akanusa sufi ya sweta ikiungua. Hajui miguu yake iligeukaje. Anachojua ni kwamba alikuwa amepiga magoti ndani ya majivu, viganja vyake viko kwenye makaa chini ya mkono wa mtoto, na lile povu limempaka kifua chote, na analia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Hospitalini Bungoma waliwafunga bendeji wote wawili. Hapohapo kwenye benchi, mikono imevimba, Hesbon akamwambia Sellah lile neno la Mwihaki. Sellah akamuuliza amekaa nalo tangu lini, naye akamjibu ukweli. Kwa siku kadhaa Sellah hakumsemesha isipokuwa kumwekea chakula, na mimi simlaumu.

Walimpeleka mtoto Kitale, kwenye ile kliniki. Daktari alikuwa kijana mtulivu, akauliza maswali mengi, akaandika dawa, akasema zimezwe kila siku bila kuruka hata kama mtoto anaonekana mzima. Akasema povu haliambukizi. Hesbon akauliza kuhusu diski, akitazama sakafu. Daktari hakumcheka. Akamwambia diski hazileti kifafa, ila watoto wengine huchokozwa na mwanga unaowakawaka, kwa hivyo mapazia yafunguliwe na mtoto akae mbali na runinga. Na akianguka je? Mlaze ubavu, daktari akasema, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni.

"Halafu kaa naye mpaka iishe. Kazi yako ni hiyo tu."

Hesbon alitoka pale akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoingia. Kazi nyingine yoyote angeiweza, hata kushika sindano. Hii ya kukaa tu, karibu, bila kitufe, ndiyo iliyomkata maini.

Mama Everlyne alikuja siku moja. Hakuleta maombi wala maelezo. Alikaa jikoni na Sellah, akachambua sukuma wiki yote iliyokuwepo, machozi yakimdondokea kwenye sinia, akaondoka. Nabwile alikuwa amerudi shuleni, mkono umefungwa. Dawa ilimtia usingizi mwanzoni, halafu akaizoea. Hajaanguka tena tangu hapo, lakini kila kijiko kinapodondoka ndani ya ile nyumba, Hesbon anaruka.

Jumapili iliyopita Nabwile alikuwa akipangusa vumbi sebuleni kwa mkono wa kushoto. Akabonyeza deki, bila nia yoyote. Ulimi ukatoka na diski juu yake.

"Baba, kuna moja imebaki."

Hesbon alishika kiti. Alitaka kusema irudishe, alitaka kusema itupe chooni, alitazama mlango wa jikoni kama mtu aliyeshikwa na wizi. Sellah alikuwa amesimama pale na mwiko. Alipita katikati yao, akafungua mapazia yote mawili mpaka mwisho, na dirisha pia, akarudi kwenye ugali wake.

Basi wakakaa kule mbali, migongo ukutani, kwa mwanga wa mchana uliofanya picha iwe hafifu. Kondoo wa sufi wakatokea. Hesbon alianza kuwapa maneno, macho yake hayako kwenye runinga, yako kwenye shingo ya mtoto. Rimoti ilikuwa mkononi mwake, kidole juu ya kitufe. Mwanakondoo akapanda mlima. Akateleza. Akaanguka. Wanyama wakatawanyika.

"Wamekimbia kumwita daktari," Hesbon akasema, peke yake safari hii.

"Hapana, Baba," Nabwile akasema. Hakuwa na hasira. "Wanamkimbia kwa sababu wanamwogopa. Watoto shuleni waliniambia vile ilikuwa siku ile ya moto."

Hesbon akajua kwamba kama wamemwambia yote, wamemwambia na ile hatua moja. Hakuweza kumtazama. Kwenye theluji punda mzee alikuwa bado amesimama juu ya mwanakondoo, miguu yake ya kitambaa ikicheza kwa sababu mkono wa mtu ulioishika ulikuwa umechoka, au ndivyo ilivyotengenezwa.

"Na punda, mama?" akamuuliza mwanawe, kwa sauti ndogo ambayo hata Sellah jikoni aliacha kusonga ili aisikie. "Punda anasema nini?"

Nabwile akamsogelea. Akauweka mkono wake wenye bendeji juu ya kiganja cha baba yake, kile chenye kovu, juu ya rimoti.

"Huyo pia anaogopa. Ona anavyotetemeka. Lakini amebaki."